Sauti ya Mjomba Kutoka Japani

Mwaka jana tulimzika Mzee Arap Tonui kule upande wa Sigowet. Katikati ya mazishi mjukuu wake mmoja akatoa simu, akaiunganisha na spika za hemani, akatuchezea sauti ya marehemu. Ilikuwa salamu tu aliyomtumia mtu siku zake za mwisho: ameulizia watoto, ameulizia ng'ombe, akakohoa, akacheka. Watu wakaangua kilio. Mimi nilishindwa nilie ama nicheke, kwa sababu nilimtazama Chepkorir, binti yake, pale alipokaa na wafiwa, naye akanitazama, na nilijua tumekumbuka kitu kimoja. Baadaye tukiwa tunakula wali na nyama nyuma ya nyumba, akaniuliza, "Wambui, wewe ndiye ulisomea hivi vitu. Hebu niambie leo. Ile sauti ya mjomba ilikuwa yake ama ya mashine?" Nikamwambia hata sasa najua nusu tu. "Basi leta hiyo nusu," akasema. Nikaanza kumweleza, nikajikwaa, nikarudi nyuma, nikaanza tena, mpaka akanicheka na sahani mkononi. Mtu akikuelewesha huku amechanganyikiwa, mnabaki wawili mmechanganyikiwa. Ndiyo maana nimeona afadhali niandike.

Ulikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka chuo, kichwa kimejaa vitabu na mdomo hauna breki, nikaajiriwa mwaka mmoja katika kiwanda kidogo cha majani chai mbele ya Kapkatet. Jina lake nitaliacha, kwa sababu meneja wake bado yuko hai na hapendi mzaha. Nilipewa chumba kimoja na Chepkorir, ambaye kazi yake ilikuwa kwenye chumba cha kuonja chai, kupanga vikombe na kuchemsha maji. Nguo zake zilinuka chai, godoro lilinuka chai, hata uji wetu wa asubuhi ulikuwa na harufu ya majani yaliyonyaushwa. Mvua ya mawe ikianguka alasiri, mabati yalipiga kelele mpaka tukawa tunazungumza kwa ishara. Yeye alipika ugali na mboga za isagek zilizolala kwenye maziwa, na aliporudi kwao alikuja na mursik kwenye kibuyu, akanimiminia kikombe, akakaa kunitazama usoni. Mara ya kwanza nilikunywa nikafumba macho. "Ai! Wakikuyu nyinyi," akasema, "mnakunywa chai yetu yote lakini maziwa yetu mnaogopa." Mimi nilimjibu kwamba kwetu maziwa yakikaa hivyo tunampa paka. Tukawa marafiki siku hiyohiyo.

Kazi yangu ilikuwa kompyuta moja iliyowekwa kwenye stoo, kati ya magunia na mizani mbovu. Meneja alikuwa amejipatia laini ya simu ya kidijitali, ya kwanza upande ule, na alitaka wanunuzi wakipiga usiku, kompyuta ipokee na iweke sauti zao, asubuhi azisikilize kama mkubwa. Hakutaka kununua programu, basi nikatumia ile ya bure, ambayo watu wa nchi mbalimbali wameiandika pamoja na kuiacha wazi, mtu yeyote afungue ndani aone ilivyoshonwa. Sehemu inayoongea na kadi ya simu tuliiita dreva. Na hapo ndipo nilianza kuchanganyikiwa, kwa sababu nilikuwa nimefikiri simu ni simu. Kumbe wapi! Kila nchi ina kawaida zake za kuomba laini, za kuitikia, za kukata. Dreva ilikuwa na orodha ya kuchagua: Ujerumani ya zamani, Ulaya, Marekani, Japani. Kenya haikuwemo. Nilimuuliza fundi wa simu wa mjini Kericho, sisi ni akina nani katika hawa, akajikuna kidevu, akasema, "Sisi ni Ulaya, lakini kidogo." Hiyo "kidogo" ilinitesa mwaka mzima. Niliweka Ulaya, nikampigia shangazi yangu Nakuru aache ujumbe, na asubuhi sauti yake ikatoka safi kabisa, ananikanya nivae sweta. Nikajiona mtaalamu.

Sasa, Chepkorir alikuwa anapendana na Philip, fundi wa boila pale kiwandani, kijana mrefu mpole ambaye mikono yake haikuwahi kutakata. Walitaka kuoana, na watu wa Philip walikuwa tayari kwenda kwa Mzee Arap Tonui kwa koito, yaani kuketi na wazee wa msichana, kumwomba na kusikilizana. Lakini mzee alikuwa na sharti moja. Mama yake Chepkorir alifariki Chepkorir akiwa mdogo, na aliyemlea na kumsomesha ni ndugu wa mama, Mjomba Kipsang, mwanariadha aliyekuwa akikimbilia timu ya kampuni fulani huko Japani. Mzee alisema wazi: mtoto huyu ni wa Kipsang kabla ya kuwa wangu, na Kipsang asiposema neno, hakuna koito. Barua hakuitaka. "Barua hata mwizi anaweza kuandika," alisema. "Mimi nataka kumsikia." Kwake hakukuwa na simu, mjomba hakupewa ruhusa ya kusafiri, na nafasi yake ya kupiga ilikuwa saa ambazo sisi huku tumelala. Nani akapayuka kwamba kuna kompyuta ya kupokea sauti usiku, nayo sauti inaweza kuhamishiwa kwenye kaseti? Ni mimi. Hakuna aliyeniuliza.

Chepkorir akamwandikia mjomba namba ya kiwanda, naye akapiga. Asubuhi nilimkuta Chepkorir mlangoni mwa stoo kabla yangu, bado ana aproni. Nikampa vifaa vya masikioni, akasikiliza, akashika mdomo, akaruka. "Amekubali! Wambui, amekubali! Amesema Philip ni mtu mzuri, amesema nisilie." Nikavivaa mimi. Kikipsigis nilikuwa najua cha kusalimia na cha kuomba chumvi, basi maneno hayakunipitia, nilisikia sauti tu. Ilikuwa inakwaruza na kunguruma, kama mtu anayefukuza ng'ombe kwenye shamba la mahindi. Mwishoni kulikuwa na mvumo mrefu, sijui ni laini ama ni upepo. "Mbona anapiga kelele hivyo?" nikauliza. "Si ni mashine yako!" akanijibu, na kwa furaha aliyokuwa nayo ungemwambia ni simba amekubali angefurahi tu. Philip naye aliletewa salamu na kaka yake wa Nakuru, aliyepiga kwenye laini ileile ili aombe radhi kwamba hataweza kufika. Nikazitia sauti zote mbili kwenye kaseti moja, ya kaka kwanza, ya mjomba baadaye.

Siku ya koito nilikwenda Sigowet pamoja na Chepkorir, nikakaa jikoni na wanawake, moshi ukinitoa machozi. Wazee wa pande zote mbili walikuwa ndani ya nyumba kubwa, na sisi tulisikia mazungumzo kupitia ukuta, mimi nikitafsiriwa kila baada ya sentensi. Walianza mbali, kwenye mvua na mifugo na nani wa ukoo gani alioa wapi, na hakuna aliyetaja msichana. Nilimuuliza shangazi mmoja kama wamesahau kilichowaleta. Akanitazama kwa huruma. Hatimaye niliitwa kuja kubonyeza redio kaseti. Niliinama, nikabonyeza, nikasimama karibu na mlango. Sauti ya kaka wa Nakuru ikatoka tamu, ya kubembeleza, na wazee wakaitikia kana kwamba yupo. Kisha ikatoka ya mjomba.

Niliona nyuso zikibadilika. Mzee Arap Tonui alikuwa ameshika fimbo kati ya magoti, akaanza kuizungusha. Ngurumo ile ilijaza nyumba, na ndani yake yalikuwamo maneno mazuri yote, nakubali, baraka, nyumba ijae, lakini hakuna aliyetikisa kichwa. Ule mvumo wa mwisho ulipoanza, mzee akainua mkono nizime. Msemaji wa upande wa Philip ndiye aliongea kwanza, kwa Kiswahili, nadhani kwa ajili yangu mgeni.

"Huyu mtu amesema ndiyo," alisema, "lakini amekasirika kapisa."

"Samahani wazee," nikaropoka, "hiyo ni mashine. Sio yeye."

Mzee Arap Tonui hakunifokea, na ingekuwa afadhali anifokee. "Mwanangu," akasema, "yule kijana wa Nakuru ameongea kwa mashine gani?"

"Hiyo hiyo."

"Na kaseti?"

"Hiyo hiyo, mzee."

"Basi mashine haiwezi kukasirikia mmoja ikamwacha mwingine. Anayekasirika ni mtu." Akageukia wageni. "Kipsang amelazimishwa. Sijui na nani. Mimi siwezi kutoa mtoto juu ya sauti kama hiyo, na nyinyi nisingewaheshimu mkimchukua."

Hesabu yake ilikuwa sawa! Nimesoma chuo, nimefunga ile kompyuta kwa mikono yangu, na kila alichosema kilikuwa sawa. Watu wa Philip walisimama kwa adabu, wakashukuru, wakasema mahindi yakishavunwa wakiwa hawajaitwa tena watajua wamejibiwa. Jikoni Chepkorir alikuwa amekaa juu ya gogo, chakula cha wageni kimefunikwa, hakuna wa kukila.

Wiki zilizofuata chumba chetu kilikuwa kidogo sana. Alipika, akanipakulia, yeye akala vijiko viwili akaosha sahani. Philip aliacha kupita dirishani. Tulijaribu kupiga ile namba ya Japani kutoka ofisini, akapokea mwanamke akasema Kijapani kwa upole mwingi, nami nikasema Kiingereza kwa sauti kubwa, tukashukuriana, tukakata. Barua ya majibu kutoka kwa mwenzake mjomba ilisema timu imepelekwa mazoezini milimani, haijulikani watarudi lini. Na usiku, taa ikishazimwa, Chepkorir aliniuliza kwenye giza swali lilelile: kwani mjomba anamchukia Philip kwa nini, na hajawahi kumwona? Alikuwa ameanza kuamini. Yeye aliyesikia maneno akaruka, sasa alikuwa anakumbuka ngurumo peke yake. Hilo liliniuma kuliko yote. Nilikasirika, na nikiwa na hasira mimi hufanya kazi.

Nilirudi stoo nikaifungua ile sauti kama ilivyoingia, kabla ya kwenda kwenye kaseti. Nilibadilisha hiki, nikabadilisha kile, nikaandika, nikafuta, mafeni ya kunyausha majani yakivuma upande wa pili wa ukuta. Kuna njia mbili za kugeuza sauti ya mtu kuwa namba zipite kwenye laini za kidijitali: moja ya Ulaya ambayo na sisi huku tunaitumia, nyingine ya Wamarekani na Wajapani. Ukisoma ya huku kwa njia ya kule, maneno yanasikika, lakini sauti inakwaruza, na mahali pa utulivu panajaa kelele. Hilo nilikuwa nimelisoma. Lakini nilikuwa nimeweka Ulaya, na Nakuru ilisikika safi, basi sikuona linanihusu nini. Siku moja, kwa kukata tamaa tu, nililazimisha kompyuta isome ujumbe wa mjomba kwa njia ya Ulaya, bila kuiuliza maoni yake. Akatoka mtu mwingine. Sauti ya chini, ya taratibu, ya mtu anayeongea huku ameegemea ukuta. Nilivua vifaa vya masikioni nikatazama nyuma, nusura nidhani kuna mtu ameingia.

Kilichokuwa kimetokea, kadiri ninavyoelewa, ni hiki. Simu ikiingia huja na kibandiko kinachosema sauti iliyomo ni ya njia gani. Simu ya Japani ilikuja na kibandiko cha Kijapani. Lakini njiani sauti ilishageuzwa kuwa ya huku, na kibandiko hakuna aliyekibandua. Dreva yangu, kwa uaminifu wake wa kijinga, iliamini kibandiko. Nilibadilisha mstari mmoja ili simu zinazoingia kwetu zisomwe kwa njia ya huku, kibandiko kiseme kisemacho, kisha nikawaandikia wenye dreva. Mmoja wao, mwanamume wa Ulaya ambaye sijawahi kumwona sura, alinijibu kwa heshima kwamba ameupokea mstari, ila ana swali: hali hii ni ya nchi yenu nzima, au ya mtambo wenu peke yake? Nilimuuliza fundi wa Kericho. Akasema kwake hakuna kasoro. Niliuliza Nairobi, wakasema Kericho. Nikamjibu yule bwana kwamba sijui. Basi akatuongeza kwenye orodha, Kenya, na pembeni akaacha alama ya kuuliza. Nilijisikia mtu mkubwa na mjinga kwa wakati mmoja.

Chepkorir alisikiliza ujumbe mpya akiwa amekaa kwenye gunia. Safari hii hakuruka. Maneno yalikuwa yaleyale, nakubali, baraka, nyumba ijae, lakini alisikiliza kama anayesikiliza mlangoni mwa mgonjwa. Yalipoisha, palepale palipokuwa na mvumo mrefu, kulikuwa na kitu. Mjomba alikuwa amedhani mashine imeshafungwa, au hakujali. Alikuwa analia. Sio kwa nguvu, ni kile kilio cha mtu aliyekizoea. Kisha akasema maneno machache ya chini, na simu ikakatwa. "Anasema nini?" nikauliza. "Anasema amechoka," akaniambia. "Anasema goti limekufa na hajaambia mtu. Anasema anataka nyumbani." Kisha akanishika mkono. "Tukate hapo mwisho, Wambui. Tupeleke ile sehemu ya kukubali peke yake." Nilimwambia ni rahisi, ni kubonyeza tu. Akaniambia nibonyeze. Nilipoweka kidole, akanishika tena. "Hapana. Wacha. Baba asikie yote."

Tulipanda lori la majani chai lililokuwa likielekea upande ule, tukakaa mbele na dereva, kaseti kwenye kifua chake Chepkorir. Mzee alikuwa ametoka kukamua. Hakutaka kusikia habari za mashine, nami sikumpa, niliweka redio mezani nikabonyeza. Alisikiliza amesimama. Ilipofika kwenye neno la kukubali akatikisa kichwa, na mimi nikamfinya Chepkorir, tumeshinda! Kisha ikafika kule mwisho. Mzee akaketi polepole. Akaniambia nirudishe. Nikarudisha. Mara ya tatu alirudisha mwenyewe, kidole chake kikubwa kikitafuta kitufe.

"Huyu sasa ndiye Kipsang," alisema. Alijifuta uso kwa mkono wa koti, bila haya. "Koito haitakuwako."

"Baba!" Chepkorir akasema. "Si amekubali? Umemsikia!"

"Nimemsikia. Wewe unataka nikae nile, nikunywe, nicheke na wageni, na huyu analia huko kwa watu?" Akasukuma redio kando. "Aje kwanza. Tumrudishe mtu wetu, halafu tutaongea mambo ya kuoa."

"Na watu wa Philip wakichoka kungoja?"

Mzee akainuka. Akatoka nje, tukamsikia akimwita ndama. Mimi niliachwa nimesimama katikati ya ile nyumba na ukweli wangu safi mkononi, nisijue umemsaidia nani. Sauti ya uongo ilimnyima Chepkorir mume, na ya kweli imemnyima vilevile. Nilimtazama nikitarajia anilaumu. Alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa, akilia, lakini akasema kwamba baba yuko sawa, na kwamba yeye mwenyewe angesema hivyo kama angekuwa na moyo. Tuliporudi kiwandani alikwenda moja kwa moja kwenye boila. Sijui alimwambia Philip nini. Nilimwona tu Philip anatoka, uso umejaa masizi, anakwenda kuongea na watu wa kwao.

Mahindi yalivunwa. Watu wa Philip hawakwenda nyumba nyingine, wala hawakuja. Walikaa tu, na mimi mpaka leo sijui mtu hungojaje namna ile bila kuambiwa lolote. Mzee aliandika barua, yeye aliyezidharau, akamwandikia Kipsang kwamba hakuna anayemdai medali. Mkataba wangu ulikuwa karibu kuisha wakati mjomba aliposhuka barabarani na begi moja, amekonda, anachechemea. Koito iliitishwa Jumamosi iliyofuata, na safari hii niliruhusiwa kukaa ndani, pembeni karibu na mlango, ingawa hapakuwa na kitu cha kubonyeza. Wazee walianza na mvua, wakapita kwenye mifugo, wakazunguka koo zote, na mimi sikuuliza kama wamesahau. Walipofika kwa msichana, wakamgeukia Mjomba Kipsang, wakamwomba aseme neno lake kwa mdomo wake. Alisimama, mkono kwenye goti. Alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka, machozi yakaanza kumtiririka mbele ya wageni, na watu wakaanza kutazama chini kwa aibu. Mzee Arap Tonui alinyanyuka, akamshika shemeji yake bega, akamketisha karibu naye.

"Kaa, Kipsang," akasema. "Tulishakusikia."